Gitaa Lenye Vyuma Ishirini na Kimoja

Mwaka ule sikusema uongo hata mara moja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililojitetea nalo miaka yote hii, na kwa sababu mwezi uliopita, kwenye sherehe ya kwaya za zamani pale Bunda, nilikutana na Magesa na utetezi wangu ukaniishia mdomoni. Nilimtambua kwa mgongo kabla hajageuka. Ana mvi sasa, na tumbo dogo la watu waliotulia, lakini bado anasimama bega la kushoto likiwa chini, kama mtu aliyezoea mkanda wa gitaa. Nilitaka kurudi kwenye gari. Mimi ni mwoga, na sisemi hivyo ili nihurumiwe; wengine wanazaliwa na sauti nzuri, mimi nilizaliwa na hofu, na kazi yangu kubwa maishani imekuwa kuificha. Nitaeleza hapa jinsi hofu hiyo ilivyomharibia mtu mwingine mwaka mzima, na labda zaidi ya mwaka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa mtunza vyombo wa kwaya ya kanisa la Nyakato, Musoma. Cheo hicho kilinipa chumba. Kilikuwa chumba cha mwisho kwenye nyumba ya kanisa, nusu yangu, nusu ya vyombo: kitanda changu, halafu pazia la khanga, halafu ngoma, spika mbili, kinanda kilichokufa funguo tatu, na amplifaya niliyoitumia kama meza ya kulia. Kulinuka mafuta ya taa na mavi ya panya. Nilikuwa nasoma chuo cha ufundi, umeme, kwa barua ya udhamini ya kanisa, na chumba kile kilikuwa cha bure mradi vyombo viwe salama. Nyumba haikuwa na dari. Chumba cha pili alikaa Mama Wegesa, mwimbaji wa sauti ya pili, mwanamke mwema aliyeongea kutwa nzima, na maneno yake yote yalipita juu ya ukuta na kuniangukia mimi. Nilijua nani kaachwa, nani kakopa, nani kasimamishwa kwaya na kwa nini. Kabla yangu mtunza vyombo alikuwa binti mmoja aliyepoteza maikrofoni. Nilimsikia Mama Wegesa akimsimulia mgeni jinsi yule binti alivyosimamishwa mbele ya kanisa zima, na jinsi alivyotoka na godoro lake kichwani mchana kweupe. Niliposikia hivyo nilinyanyuka nikahesabu maikrofoni. Zilikuwa nne, zote zipo.

Chombo kilichotutambulisha mjini kilikuwa gitaa la umeme, jekundu, lenye plastiki nyeupe kifuani. Marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo walituma mawili kwenye sanduku moja, jingine likaenda kwa ndugu zetu wa Butiama. Yaliwekwa wakfu siku moja, kwa mafuta na kuwekewa mikono, na tangu siku hiyo wazee wakapitisha kwamba chombo cha madhabahuni hakifunguliwi na mtu bila ruhusa yao. Mzee Mafuru, karani mstaafu wa pamba aliyekuwa sasa katibu wa wazee, aliligeuza gitaa letu mgongoni, akasoma namba iliyochongwa kwenye kibati kinachoshika shingo, na kuiandika kwenye daftari la vyombo kwa mwandiko wake mzuri. Kwake gitaa lilikuwa namba ile. Sijui kama aliwahi kuliangalia upande wa mbele.

Mwezi wa kwanza tulikwenda semina ya kwaya Bunda, wiki nzima, kwaya kumi na kitu. Vyombo vilikaa kwenye darasa la watoto wa shule ya Jumapili, lenye madawati mafupi na picha za wanyama wa safina ukutani, na ufunguo ulishikwa na Magesa, mwalimu wa kwaya ya Butiama. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameoa mwaka uliotangulia, mcheshi, mpigaji solo ambaye hata wapinzani wake walinyamaza akianza. Joto la Bunda na vumbi la malori viliyaathiri magitaa yetu. Nyuzi zilikuwa zimepanda juu ya shingo hadi vidole vinauma. Mchana wa siku ya tatu, wengine wakiwa kwenye somo la nidhamu ya waimbaji, yeye na mimi tulibaki kuyashughulikia. Kwenye sufuria tulikuwa tumewekewa ugali wa udaga wa muhogo na samaki ningu wa kukausha, na tulikula palepale sakafuni, magitaa mawili mekundu yamelala mbele yetu kwenye mkeka.

"Dada Nyasatu, watu wanasemaga hizi ni mapacha," aliniambia. "Hizi ni mtu na mdogo wake. Hesabu vyuma vya shingo."

Nikahesabu vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Letu lilikuwa na ishirini na kimoja.

"Haya, na hii yetu?"

"Ishirini na mbili."

"Umeona. Sasa shika ubavu. Ya kwenu imenona, ya kwetu imekonda. Walioituma walinunua moja ya watu wazima na moja ya wanafunzi, wakaona rangi ni ileile, wakasema hawa watu wa Mara hawatajua." Akacheka mpaka akapaliwa na mwiba. "Mimi nilijuaga siku ya kwanza. Nikanyamaza. Gitaa ni mkono, bwana."

Alinifundisha mengine: kwamba letu sauti yake inakaa, yao inakufa mapema, kwamba pale kichwani mkunjo wa letu ni mpole kidogo, kwamba mtu akitaka kudanganywa aangalie rangi. Kisha akaniambia nifunge macho kwa kitenge changu, akawa ananiwekea moja mapajani, na mimi niseme ni lipi. Nilipatia mara zote. Sijawahi kufurahi namna ile tangu nizaliwe, kujua kitu kwa vidole vyangu mwenyewe, kitu ambacho wazee wote wa kanisa hawakukijua. Naikumbuka furaha ile kuliko sura ya Magesa, na hilo nalo linanitia aibu.

Tukayafungua. Wote wawili tulijua hairuhusiwi. Skrubu nne nyuma ya kila gitaa, kibati kikatoka, shingo ikachomoka, na Magesa akanionyesha namna ya kukata kipande cha boksi la majani ya chai na kukiweka kwenye kitako cha shingo ili nyuzi zishuke. Vibati na skrubu tulivitia kwenye bakuli moja la mafuta ya taa vitoke kutu. Tulikuwa karibu kumaliza tuliposikia kikohozi cha Mzee Mafuru uani. Kikohozi kile kilijulikana wilaya nzima. Magesa akaniambia kwa kunong'ona, "Funga wewe, mimi namshika," akatoka nje, na nikamsikia akimwomba mzee amfafanulie somo la asubuhi, jambo ambalo Mzee Mafuru hakuweza kulikataa. Mikono yangu ilitetemeka. Nilichukua kibati kilichokuja mkononi nikakifunga kwenye gitaa lililokuwa karibu, nikachukua cha pili nikakifunga kwenye la pili. Mzee alipoingia, bisibisi ilikuwa chini ya sketi yangu na magitaa mawili yamelala kwa adabu. Alisema, "Vizuri, binti," akatoka.

Mwezi wa nne Mzee Mafuru alikuja chumbani kwangu na daftari kukagua vyombo kabla ya Pasaka. Mama Wegesa alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai ya maziwa, maana ukaguzi ulikuwa mchezo wake mzuri. Spika mbili, zipo. Ngoma, ipo. Mzee akageuza gitaa mgongo, akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Kabla hajafungua mdomo nilikwisha kuelewa. Niliona bakuli la mafuta ya taa waziwazi, vibati viwili ndani yake vikiwa vimelaliana.

"Namba si yenyewe," alisema. "Soma wewe mwenye macho ya kijana."

Nikasoma. "Si ya daftari, mzee."

"Mara ya mwisho hii gitaa ilikutana na ya Butiama wapi?"

"Bunda, mzee."

"Zilikaa chumba kimoja?"

"Chumba kimoja."

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Magesa."

Majibu yote yalikuwa ya kweli. Neno moja tu lilitakiwa, "nililifungua", na neno hilo lilifika mpaka kooni. Lakini niliangalia godoro langu, nikaangalia mlango, nikamwona Mama Wegesa ameshikilia kikombe chake bila kunywa, na neno likarudi chini. Nilijiambia nitasema kesho mzee akiwa peke yake. Mzee akafunga daftari taratibu. "Kumbe," alisema. Mchana huohuo nikamsikia Mama Wegesa juu ya ukuta: "Mwizi! Tena mwalimu wa kwaya! Na mimi nilishangaaga, gitaa letu tangu Bunda linalia kama bati. Kumbe si letu!" Gitaa lilikuwa letu, na lililia vibaya kwa sababu nyuzi zilikuwa zimechakaa. Nilikuwa nimekaa kitandani, gitaa mapajani, nikihesabu vyuma. Ishirini na kimoja. Nikahesabu tena.

Wiki iliyofuata wazee watatu walikwenda Butiama na mimi nikiwa shahidi. Tulipokelewa kwenye ofisi ya mchungaji, chumba chenye ubaridi, dirisha linatazama mawe makubwa ya kilimani. Magesa aliingia anatabasamu, akadhani tumeleta habari ya tamasha. Alipoambiwa, tabasamu halikutoka mara moja. Lilibaki usoni likawa halina kazi. Aliomba aletewe magitaa yote mawili. Akayalaza mezani.

"Wazee, mimi sijabadilisha kitu. Hesabuni vyuma. Hii mliyokuja nayo ina ishirini na moja, ndiyo ya kwenu tangu mwanzo. Hii yetu ina ishirini na mbili."

"Vyuma tumeviandika wapi?" Mzee Mafuru akauliza. "Kwenye daftari kuna namba."

"Namba itakuwa imehama, mzee. Muulizeni dada Nyasatu. Yeye anazijua hizi gitaa hata amefunga macho."

Wote wakanigeukia. Ningetaka kuandika kwamba nilisita muda mrefu, lakini haikuwa hivyo. Hofu ina haraka. Aliposema "namba itakuwa imehama" nilijua naye ameanza kukumbuka lile bakuli, na kwamba hakutaja kufungua kwa sababu ya kunilinda mimi, au kujilinda mwenyewe, au yote mawili. Alikuwa ananipa mlango nipite mimi kwanza.

"Binti," alisema Mzee Mafuru, "namba ya kwenye daftari iko kwenye gitaa ipi?"

"Hiyo ya Butiama, mzee."

"Basi."

Magesa hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Mzee alimuuliza kama magitaa yaliwahi kufunguliwa. Akasema ndiyo, yeye aliyafungua. Akasema "mimi", hakusema "sisi". Wazee wakatazamana, na hapo kesi ikaisha, kwa sababu mtu aliyekiri kufungua chombo kilichowekwa wakfu ataaminiwaje katika lingine? Tukabadilishana magitaa palepale. Magesa akatengwa ushirika mpaka atakapotubu hadharani.

Nyakato walilipokea gitaa kwa vigelegele. Niliamriwa kufunga nyuzi mpya, na Jumapili lilipopigwa kanisa zima likakubaliana kwamba sasa ndiyo sauti yenyewe. "Hilo ndilo letu!" Mama Wegesa alisema akifuta machozi kweli. Lilikuwa gitaa la mwanafunzi, jembamba, vyuma ishirini na mbili, na sauti yake ilikufa mapema vilevile kama Magesa alivyosema. Watu mia mbili walisikia namba. Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka.

Miezi iliyofuata sikulala vizuri wala kula vizuri. Kila buti lililopita uani lilikuwa la mtu aliyekuja kuniambia nitoke. Nilipokuwa chuoni niliogopa wako chumbani kwangu wanapekua. Nilipokuwa chumbani niliogopa wako kwenye kikao wananijadili. Siku moja nilitembea kwa miguu hadi Buhare, alikokuwa anakaa Mzee Mafuru, nimeamua. Nilimkuta anakula. Akafurahi kuniona, akamwita mkewe aongeze sahani, akaninawisha mikono yeye mwenyewe, na nikala sato wake mzima huku akinisifia kwa waliokuwepo. "Huyu binti ndiye aliyeiokoa mali ya kanisa," alisema. "Kijana mwingine angenyamaza." Nikamaliza ugali, nikashukuru, nikarudi nyumbani. Kadiri siku zilivyopita kosa lilibadilika. Mwanzo lilikuwa la kufunga kibati vibaya, kosa la dakika moja, lakini kila Jumapili niliyonyamaza iliongeza uzito wake, na nikaogopa zaidi, na nikanyamaza kwa sababu niliogopa zaidi. Habari za Magesa zilinifikia juu ya ukuta. Anakaa benchi la nyuma. Haimbi. Amekataa kutubu, anasema hawezi kutubia kisicho chake. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume. Kanisa limekataa kumbatiza mtoto mpaka baba arudi kundini. Mtoto anaumwaumwa.

Mwezi wa kumi tukaalikwa Butiama kwenye ibada ya upatanisho. Nilivaa sare ya kwaya. Kulikuwa na jua la asubuhi na upepo wa baridi kidogo, na wanakwaya wenzangu walifurahi kama watu wanaokwenda harusini. Magesa alitoka benchi la nyuma akapita katikati ya kanisa. Alikuwa amekonda. Mkewe alikaa mbele na mtoto aliyefunikwa shuka jeupe, tayari kwa maji. Mchungaji akamwambia aseme kwa kinywa chake.

"Nimekosa," alisema. Nilidhani ataishia hapo, na nikaomba aishie hapo. "Nilibadilisha gitaa ya ndugu zangu wa Nyakato. Naomba Mungu anisamehe, na kanisa linisamehe."

Ndipo mchungaji akasema kwamba aliyekosewa ampe mkono, na kwa kuwa vyombo vya Nyakato vina mtunzaji wake, binti apite mbele. Sikumbuki kutembea. Nakumbuka kwamba ilikuwepo nafasi, labda hatua kumi na tano, na katika kila hatua ningeweza kusema. Macho ya watu yalikuwa kila upande. Niliwaza godoro langu, barua yangu ya chuo, Mama Wegesa, Mzee Mafuru akisema "kijana mwingine angenyamaza". Magesa akanyoosha mkono. Nikaupokea. Ulikuwa mkavu, umetulia. Wangu ulilowa jasho. Alinitazama usoni muda kidogo, bado anangoja, kisha akaacha kungoja. Niliona kabisa alipoacha. Kanisa likaimba, mtoto akabatizwa, akalia sana. Baadaye tulilishwa kuku na wali, na Mzee Mafuru akapewa firigisi kwa heshima yake. Mwisho wa mwaka nilimaliza chuo, nikakabidhi ufunguo na daftari, vyombo vyote vipo, nikahamia mji mwingine kwa kazi. Mzee Mafuru aliniandikia barua ya sifa. Ninayo.

Sasa nirudi Bunda, mwezi uliopita. Magesa aliponiona alinikumbatia kwa nguvu hadi miwani yangu ikapinda. Alinionyesha yule mtoto, jitu refu la ndevu, dereva wa gari la shule. Nilikuwa nimeamua tena. Nilikuwa nimejifunza maneno kwenye gari njia nzima: magitaa tulifungua wote, vibati nilifunga mimi, ulikuwa huna kosa. Nikamwambia, "Kaka Magesa, nina neno na wewe." Akasema, "Hata mimi nina neno na wewe, dada, ngoja tu." Na kabla sijamshika mkono, mshereheshaji akamwita mbele atoe ushuhuda kwa vijana wa kwaya za sasa.

Alisimama pale, bega la kushoto chini, akaeleza. Aliwaambia vijana kwamba akiwa mwalimu wa kwaya shetani alimwingia, akatamani gitaa la wenzake, akalibadilisha, na alipokamatwa akakana miezi sita. Niliinua kichwa. Nilidhani anasema kwa kujenga mfano. Lakini aliendelea, na alieleza vitu. Alieleza jinsi alivyobaki peke yake na magitaa mchana wa Bunda, watu wakiwa darasani. Alieleza jinsi alivyochomoa gitaa moja kwenye mfuko wake na kuingiza jingine, na jinsi mikono yake ilivyotetemeka aliposikia kikohozi uani. Hakukuwa na mimi kwenye chumba kile. Hakukuwa na bakuli, wala kicheko, wala kitenge machoni. Alikuwa anakumbuka. Macho yake yalilowa na sauti ikakatika pale ambapo sauti ya mtu mkweli hukatika. Alikuwa amesimuliwa kosa lile na watu wengi kiasi hicho, na kulisimulia yeye mwenyewe mara nyingi kiasi hicho, hadi likawa lake.

"Yule niliyemkosea yupo hapa leo," akasema. "Dada Nyasatu, simama. Wanangu, siku ile Butiama nilimpa huyu dada mkono, lakini nilitubu kwa mdomo tu, ili mtoto abatizwe. Moyoni nilikuwaga bado nasema sikuiba. Nimekaa na hilo miaka yote. Dada, leo naomba kwa moyo. Nisamehe."

Nikasimama. Ukumbi ulikuwa umejaa. Maneno niliyojifunza njiani yalikuwepo yote, kwa mpangilio wake, na yeye alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, anangoja.

"Nimekusamehe," nikasema.

Akanishukuru mbele za watu, analia, na watu wakapiga makofi.